Saa ya mama inahitaji mlinzi

Wiki ya mama aliyeajiriwa na anayelea peke yake ina saa 168. Toa saa 45 za kazi, saa 10 za kwenda na kurudi, saa 49 za usingizi ukilala saa 7 kila usiku. Zinabaki 64. Kwenye karatasi zinaonekana nyingi, na ndiyo maana mtu asiyelea peke yake hukuuliza, "Kwani muda wako unaenda wapi?" Unaenda kwenye kuamsha, kuogesha, kupika, kufua, kusaini karatasi za shule, kutafuta kiatu cha pili. Ukishatoa na hayo yote, mara nyingi bado yanabaki masaa machache kwa wiki, ila yamekatwakatwa: dakika 8 hapa, dakika 12 pale, na ndani ya kila kipande yupo mtu anayeweza kukuita.

Kwenye nyumba yenye watu wazima wawili, mmoja akiingia bafuni, mwingine ndiye anayeitwa. Kwako mwingine hayupo. Kwa hiyo kabla hujauliza muda wako utapatikana lini, uliza nani ataitika mtoto akiita. Ukikosa jibu, hata uketi na kikombe mkononi, huo si muda wako, ni pengo tu kati ya kazi mbili. Na majibu ni manne: mtoto amelala, mtoto yuko shuleni, mtoto yuko na mtu mzima mwingine, au mtoto amezoeshwa kukaa na shughuli yake mpaka kengele ilie. Kila jibu hujengwa kwa namna yake, na mengine huchukua mwezi mzima kusimama.

Anza na karatasi, usianze na ratiba mpya

Chukua karatasi moja, gawa siku 7, kila siku iwe na mistari ya nusu saa tangu unapoamka mpaka unapolala. Andika herufi tatu tu: K kwa kazi ya ajira, N kwa nyumba na watoto, M kwa muda wako. Kila unapokatizwa, zungushia duara. Jaza papo hapo jambo linapoisha. Ukisubiri mpaka usiku, kumbukumbu hupendelea mambo ya heshima: saa ya simu itageuka dakika 10, na dakika 10 za kufagia zitakuwa saa nzima.

Wiki hiyo usibadilishe kitu. Mwishoni hesabu maduara kabla ya herufi, kwa sababu maduara ndiyo yanayoonyesha saa zako zinavunjikia wapi. Utakuta sehemu mbili au tatu tu zinazojirudia. Kwa wengi ni asubuhi ya kutafuta vitu, jioni ya kulaza watoto isiyo na mwisho, na ile saa ya kuzubaa kwenye simu usiku, ambayo mtu huiandika M kisha akaifuta kwa aibu.

Asubuhi ina dawa rahisi, nisiizungumzie sana. Kapu moja mlangoni, lijazwe usiku: mikoba, viatu, funguo, karatasi iliyosainiwa, nguo za kesho juu yake. Dakika 10 za usiku huokoa dakika 25 za asubuhi, na huokoa sauti yako pia.

Usikope kwenye usingizi

Mama wengi hujipa muda kuanzia saa tano usiku, nyumba ikiwa kimya. Inaeleweka. Lakini mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na kama unaamka saa kumi na moja alfajiri, saa nne usiku unatakiwa uwe umeshalala. Kila dakika baada ya hapo unaikopa kesho. Kesho jioni utakuwa mkali, kulaza watoto kutakuwa vita, nao watalala wamechelewa, kisha utahisi siku nzima hukupata chako, utakesha tena. Ni mduara, na mlango wa kutokea uko kwenye kitanda cha mtoto, siyo chako.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi katika saa 24, pamoja na ule wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Mtoto wa miaka 5 asiyelala mchana na anayeamka saa kumi na mbili asubuhi anapaswa kuwa amelala saa mbili usiku. Kama sasa analala saa tatu na nusu, usimrushe kwa usiku mmoja, atakaa macho gizani na kitanda kitakuwa mahali pa kugombana. Sogeza dakika 15, kaa siku 3, sogeza tena. Dakika 90 ni hatua 6, yaani siku 18. Saa ya kuamka isibadilike, hata siku ya mapumziko, kwa sababu ndiyo inayovuta saa ya kulala. Na kama analala mchana huko anakotunzwa, uliza huamka saa ngapi. Mtoto wa miaka 4 aliyeamka saa kumi na moja jioni hana sababu ya kusinzia saa mbili.

Mpangilio wa jioni uwe uleule: kula, kuoga, nguo za kulalia, meno, choo, hadithi moja, taa. Kutoka kuoga hadi taa, dakika 45 zinatosha. Televisheni na simu zizimwe saa nzima kabla ya kulala.

Halafu kuna yule anayetoka kitandani. Maji. Choo. Kuna kitu dirishani. Hapa kadi hufanya kazi nzuri kwa watoto kuanzia miaka 3 hivi: kipande cha karatasi ngumu chenye jina lake, anapewa kila usiku akipanda kitandani. Kadi inamruhusu kutoka mara moja kwa jambo fupi, maji au kukumbatiwa, kisha anaikabidhi. Akitoka tena, unamrudisha bila maneno, bila hasira, bila maelezo. Usiku wa tatu hadi wa tano unaweza kuwa mbaya kuliko wa kwanza, na hapo ndipo mama aliyechoka hulegea. Ukikubali safari ya sita, umemfundisha kwamba jibu linapatikana safari ya sita. Atakwenda sita kesho.

Ukiwa na watoto wawili, tangulia na mdogo. Mkubwa apewe nusu saa yake sebuleni na kitabu au kuchora, kwa sharti kwamba akiingia chumbani kabla hajaitwa, naye anaenda kulala. Hujawahi kuona mlinzi makini kama mtoto mwenye nusu saa ya kupoteza.

Sasa imefika saa mbili na robo, pametulia. Kosa kubwa hapa ni kuanza na vyombo. Vyombo huzaa jiko, jiko huzaa sakafu, na saa tatu na nusu umesimama na tambara. Anza na chako dakika 40, kisha dakika 15 za kapu la mlangoni. Kama wewe ni wale wasioweza kukaa sinki ikiwa imejaa, weka kengele ya dakika 12, osha, na ikilia acha. Vilivyobaki viloweke.

Kuhusu simu, wahenga walisema chovya chovya yamaliza buyu la asali. Ujumbe mmoja hauleti shida, ila huja na wenzake. Tatizo ni kwamba mama anayelea peke yake hawezi kuzima simu kabisa. Simu nyingi zina mpangilio wa kunyamazisha wote isipokuwa namba ulizochagua: mlezi, shule, ndugu mmoja. Weka hizo tatu, simu iache chumba kingine na sauti iwe juu. Ikilia, ujue ni jambo.

Kumzoesha mtoto kukaa na shughuli yake

Hiki ndicho kitu kinacholipa zaidi mchana wa mwisho wa wiki, na ndicho kinachoharibiwa haraka zaidi. Wengi hujaribu mara moja kwa dakika 40, kinashindikana dakika ya sita, wanasema mtoto wangu hawezi. Anaweza, ila hakuanzishwa kwa dakika 40.

Kwa mtoto wa miaka 3, anza na dakika 5. Wa miaka 5, anza na 10. Kila akifanikiwa siku 3, ongeza dakika 2. Kutoka 5 hadi 25 ni hatua 10, mwezi mmoja. Tumia kengele ya jikoni ambayo mtoto anaiona ikisogea, au saa ya mchanga. "Dakika kumi" kwa mtoto mdogo ni sauti tu. Kinachopungua mbele ya macho yake anakielewa.

Kabla ya kengele: ameshakula, ameenda choo, maji yako karibu. Chumba kimekaguliwa: hakuna dawa, hakuna betri ndogo za duara, kabati zito limefungwa ukutani, dirisha limefungwa. Wewe umo ndani ya nyumba na unamsikia. Huu si muda wa kutoka kwenda matembezi.

Andaa maboksi matatu, kila moja na vitu vinne au vitano, yazungushwe boksi moja kwa wiki huku mengine yakiwa yamefichwa. Kitu kilichopotea wiki mbili hurudi kikiwa kipya. Ndani ya boksi usiweke chochote kinachohitaji mkono wako. Chonga penseli zote, legeza kifuniko cha gundi, toa fumbo lenye kipande kilichopotea. Penseli iliyovunjika ncha dakika ya nne ndiyo itakayokuita, kwa hiyo weka tatu za rangi ileile.

Akija kabla ya kengele, sema sentensi moja, ileile kila siku: "Kengele bado. Ikilia nakuja." Na ikilia, nenda. Nenda hata kama umebakiza mistari miwili ya unachosoma. Hapa ndipo mambo huharibika: mama akiona mtoto ametulia, huongeza dakika 10 za wizi. Siku mbili za wizi, na mtoto anajua kengele haina maana, bora aje kugonga. Adui wa pili ni "subiri kidogo". Haina mwisho, kwa hiyo mtoto huupima mwisho mwenyewe kwa kuita kila dakika.

Ukishafika dakika 25, usitamani saa. Vipindi viwili vya dakika 25 vyenye mlango uliofungwa vinapumzisha kuliko saa mbili za kukatizwa, na ukishakatizwa akili haigeuki mara moja, kipande chake hubaki kule ulikotolewa.

Kubadilishana zamu na mama mwingine

Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono mingine haiji kwa kusubiri. Mpango ninaouona kuwa imara kuliko wote kwa asiye na fedha ya kulipa mlezi ni kubadilishana na mama mwingine mwenye hali kama yako: Jumamosi ya kwanza na ya tatu wewe unakaa na watoto wote saa 3, ya pili na ya nne anakaa yeye. Ya tano ikitokea, kila mtu na wake.

Tafuta mama ambaye watoto wenu wamepishana kwa miaka isiyozidi 2, anayeishi umbali wa dakika 15, na ambaye sheria za nyumba yake unazijua. Uliza waziwazi nani mwingine atakuwepo nyumbani saa hizo. Swali hili likimkera, umepata jibu mapema. Mara ya kwanza kaeni wote pamoja saa 2. Mara ya pili muache mtoto dakika 90. Saa 3 zianze mara ya tatu.

Mpe karatasi ya ukurasa mmoja: jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, mzio, dawa na kipimo chake, namba mbili za kupiga, nani anaruhusiwa kumchukua, na kinachomtuliza akilia. Hicho cha mwisho watu husahau, na ndicho kinachohitajika kwanza.

Mambo yanayovunja mipango hii yanajulikana, na mengi yanazuilika kwa kuyasema siku ya kwanza. Idadi ya watoto: yeye ana mmoja, wewe una watatu, je, saa zinahesabiwaje? Kubalianeni kuhesabu vipindi, siyo vichwa, au msianze. Kuchelewa: baada ya dakika 15, muda unaozidi unaandikwa na kulipwa zamu ijayo. Ugonjwa: mwenye homa haji mpaka amekaa saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha, na aliyetapika au kuharisha asubiri saa 48 tangu mara ya mwisho. Anayeahirisha ndiye anayetaja tarehe mpya, papo hapo, kwa sababu "tutaongea" ndiyo kaburi la zamu.

Na kuna kosa la mama mwenyewe: anapata saa 3 tupu, anaenda kununua mahitaji, kulipa bili, kupanga foleni. Anarudi amechoka na mfuko mzito, anajiuliza mbona hajapumzika. Kwenda dukani bila mtoto ni kazi ileile iliyopunguziwa kelele. Dakika 90 za mwanzo ziwe zako kabisa. Shughuli, kama lazima, zikae mwishoni. Ukiziweka mwanzo hazitaisha.

Kama unaweza kulipa mlezi, nunua muda usiobadilika, mfano saa 2 kila Jumatano, badala ya kumwita ukizidiwa. Ukisubiri kuzidiwa, utampata hana nafasi, na hata ukimpata, saa hizo utazitumia kulala kwa uchovu.

Saa zilizofichwa kazini

Siku ya likizo iliyochukuliwa watoto wakiwa nyumbani ni siku ya kazi ya aina nyingine. Siku ileile ikichukuliwa katikati ya wiki, wakiwa shuleni, ina saa 5 au 6 ambazo mlinzi wake tayari yupo. Kama mwajiri anaruhusu nusu siku, chukua moja kila baada ya miezi miwili, na uiandike kwenye kalenda ya kazi mapema kama unavyoandika miadi ya daktari. Hulazimiki kueleza unakwenda wapi.

Chakula cha mchana vilevile. Kama una saa moja, kula kwa dakika 30, na dakika 20 ondoka kwenye meza yako, nje kama inawezekana. Kutembea haraka dakika 20 hivyo siku 5 ni dakika 100 kwa wiki. Mtu mzima anashauriwa apate angalau 150, kwa hiyo sehemu kubwa imeshapatikana bila kugusa jioni yako. Dakika 10 za mwisho za siku ya kazi andika mambo matatu ya kuanza nayo kesho. Yakishaandikwa hayakufuati bafuni.

Jikoni niseme kidogo. Pika mara mbili kwa wiki kiasi mara mbili, usipike wiki nzima siku moja, kwani hiyo siku moja ndiyo iliyokuwa ya kupumzika. Kilichobaki kigawe kwenye vyombo vifupi kipoe upesi, kiingie kwenye friji ndani ya saa 2, kiliwe ndani ya siku 3 au 4, na kipashwe mpaka katikati kitoe mvuke. Umepata jioni mbili zisizo na jiko.

Pale mpango huu haufai

Mwenye mtoto chini ya miezi 6 asijihangaishe na ratiba hizi. Usingizi wa mtoto bado hauna mpangilio, na kazi moja tu inastahili muda wake: kulala mtoto anapolala, walau mara moja mchana. Dakika 20 zinatosha kuamka mwepesi; ukipitiliza mpaka 45 unaweza kuamka mzito kuliko ulivyolala.

Kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka 11 au 12, kuna jaribu la kumgeuza mzazi wa pili, hasa akiwa msichana. Mpe kazi yenye mwanzo na mwisho, mfano kusimamia meno ya mdogo wake, kufua soksi zake, kupanga kapu la mlangoni. Usimpe ulinzi wa kila jioni. Ukifanya hivyo umechukua muda wake ukauita wako, na ataudai akiwa na miaka 15 kwa njia usiyoipenda.

Na kama umepata saa zako, umelala, lakini kwa wiki mbili mfululizo moyo mzito hauondoki na hakuna kinachokufurahisha, hapo siyo suala la ratiba. Muone daktari.

Kwa wengine wote, andika orodha tatu fupi ubandike ndani ya mlango wa kabati: mambo ya dakika 15, ya dakika 45, ya saa 3. Muda ukifika bila orodha, mkono huenda kwenye simu au kwenye ufagio. Mara za kwanza pengine utakaa tu ukiangalia ukuta. Hesabu hiyo kama M.

Baada ya wiki 4 rudia ile karatasi ya siku 7. Linganisha maduara kwanza. Kama M hazijafika saa 3 kwa wiki, usiamke mapema zaidi: angalia ni jibu gani kati ya yale manne halijasimama. Mara nyingi ni ile kadi ya kitandani, uliyoilegeza usiku wa nne.